Kadi Yenye Tundu

Nyumbani, chumba cha cherehani,
Jumapili, tarehe 9 mwezi wa sita.

Mpendwa mwanangu,

Kabla hujafika mbali, tia mkono ndani ya bahasha utoe kadi nyeusi yenye tundu refu katikati. Iweke juu ya karatasi hii, tundu lionyeshe mstari mmoja tu, usome, kisha uishushe. Na yule mpishi mnayekaa naye chumba kimoja mwambie leo akapike. Siku zote najua kuwa yeye ndiye anayekusomea barua zangu. Nimeandika kwa herufi kubwa na nimeacha nafasi, kisingizio huna.

Sasa salamu. Hujambo? Mgongo unaendeleaje? Bado unachomelea vyuma bila miwani kama mwendawazimu? Mimi ni mzima, ukiacha goti la kushoto ambalo halitaki tena kukanyaga cherehani. Mkeo hajambo, ila amekonda.

Kilichomkondesha ni simu yako ya wiki iliyopita. Ulisema muhula ukiisha mwanao Chiriku atoke shule, akae na mimi cherehani, maana ana miaka kumi na moja na ukurasa mmoja unamshinda. Ukasema hata wewe uliachia darasa la tano na hujafa njaa. Lile neno lilinipata pabaya. Aliyekutoa darasa la tano ni mimi.

Jumatano nilimpeleka Chiriku hospitali, kwa ushauri wa mwalimu wake. Nilikwenda nimenuna. Daktari wa macho, mama mmoja mfupi mwenye sauti ya chini, alimpima kwa zile herufi za ukutani, na Chiriku akazitaja zote mpaka mstari wa mwisho, kule ambako mimi naona vumbi tu.

Nikasema, "Si unaona, daktari? Macho mazima. Huyu ni mvivu, kinachofanya kazi ni mdomo peke yake."

Daktari akamuuliza mtoto, "Ukifungua kitabu, herufi zinatulia au zinatembea?"

Chiriku akanitazama mimi kwanza. "Zinatembea."

Nikadakia, "Ndiyo zinatembea. Kwani kuna mtu hazimtembei? Mtu anazishika."

Daktari akaweka kalamu chini. "Mama," akasema, "watu wengi hawazioni zikitembea."

Mwanangu, nina miaka sitini na minane. Miaka yote hiyo nilidhani herufi zinamkimbia kila mtu kama kuku, na waliofaulu ni wale wenye bidii ya kuzikamata. Mimi nilizikamata kwa kadi kama hii. Nilikata ya kwanza nikiwa msichana, kwa kipande cha boksi, nikaificha kwenye kopo la vifungo kwa sababu niliona ni udanganyifu. Vipimo vya wateja nasoma kwa kadi hiyo, na barua zako anazokuandikia mpishi pia. Wewe sikukuonyesha. Nilitaka uzishike kwa nguvu zako mwenyewe.

Nakueleza alivyosema daktari kama nilivyoelewa. Kutoka kwenye jicho kwenda kwenye ubongo kuna seli zinazopeleka habari. Kuna ndogo, hizo ni za rangi na vitu vidogo vidogo. Kuna na kubwa, ni chache lakini zina mbio, hizo zinaona mwendo, na zinayasaidia macho yajue pa kutua. Kwa watu wengine hizo kubwa huwa dhaifu, basi macho yanayumba na ukurasa nao unayumba. Nikamwambia nimeelewa, ni cherehani ambayo kile kiguu cha kukandamiza kitambaa kimelegea. Sindano nzima, uzi mzuri, lakini kitambaa kinateleza, mshono unakwenda kombo, na fundi mjinga anakilaumu kitambaa. Akacheka. Alisema pia wataalamu wenyewe bado wanabishana, wengine wanasema shida iko zaidi kwenye kusikia sauti za maneno kuliko machoni. Hapo ndipo nilipomwamini, mtu anayekubali kuwa hajui yote.

Akatukalisha mbele ya kompyuta yenye nukta nyeupe zinazotembea kama sisimizi, useme zinaelekea kulia au kushoto. Chiriku alikosa nyingi. Nami nikajaribu, nikakosa nyingi kuliko yeye.

"Bibi umefeli," akaniambia, na akacheka mpaka akashika tumbo. Sijamsikia akicheka hivyo tangu aanze shule.

Kisha daktari akauliza baba wa mtoto alikuwa anasomaje. Niliomba maji ya kunywa.

Karatasi ya pili ndani ya bahasha ni ya mwalimu mkuu. Inasema Chiriku abaki shule, aongezewe muda kwenye mtihani, mwalimu akae naye peke yake mara mbili kwa wiki, na kadi niliyomkatia, kama hii yako, asinyang'anywe. Inataka sahihi ya baba. Irudi kabla ya tarehe thelathini, la sivyo jina lake linafutwa. Cherehani nitamfundisha Jumamosi, kwa kuwa anaipenda, si kwa kuwa ameshindwa. Na ujue kadi haiponyi. Anasoma polepole na ataendelea kusoma polepole, usije ukanipigia mwezi ujao kuuliza mbona bado.

Kuhusu ile rula ya mbao ya kukatia nguo. Siku ile ulisimama kwenye kona ya meza ukaniambia, "Mama, maneno yanakimbia." Nikasema nitakufundisha wewe kukimbia, nikakupiga vidoleni. Kesho yake nikaenda kumwambia mwalimu wako hurudi. Neno lile hukulisema tena maisha yako. Nami nilikuwa nalijua, hata kwangu yalikuwa yanakimbia. Sijui kuomba radhi, sikufundishwa. Rula ile ile ndiyo niliyonyooshea tundu la kadi yako.

Mkeo anakusalimu sana. Shangazi yako anakusalimu, anauliza kama bado unakoroma. Chiriku ameandika jina lake hapo chini kwa mkono wake, limemchukua muda, liangalie vizuri. Msalimie mpishi, sina ugomvi naye. Mungu akukinge na moto wa kazi yako.

Usinijibu kwa simu. Niandikie kwa mkono wako, hata mistari mitatu, ikienda kombo iende. Na kama umefika hapa peke yako, basi umesoma barua nzima, mwanangu, na hakuna aliyekupiga.

Ni mimi mama yako, nikupendaye hata nikigomba.

CHIRIKU