Nyayo za Yegor Mlangoni

Jumamosi, 2 Machi 2019

Siku ya arobaini tangu mume wangu aende baharini! Mume wangu — miezi mitatu sasa tangu harusi na bado nalitamka neno hilo kama peremende. Nyayo za buti lake ziko palepale mlangoni, matope makavu. Mama mkwe, Zinaida Pavlovna, amenikataza kudeki mpaka mwanawe avuke kizingiti. "We mtoto wa bara, ukideki umemfutia njia ya kurudi." Nilicheka. Lakini sijadeki. Kila asubuhi naziruka taratibu, kana kwamba yeye mwenyewe amelala pale.

Jumatano, 6 Machi

Hajapiga. Kule baharini, kwenye jukwaa la mafuta ambako meli yao inapakia, simu haishiki. Nafumba macho namwona mbele kabisa ya meli, anadaka bomba linaloshushwa kutoka juu, anafunga, mafuta yanaanza kuingia. Barafu ikisukuma, wanachomoa na kusubiri. Safari moja walisubiri siku nne! Aliniambia mafuta hayana haraka, yamekaa chini ya bahari tangu zamani. Sawa. Mimi ninayo.

Alhamisi, 7 Machi

AMEPIGA! Meli inaingia ghubani. Kesho watamimina mafuta kwenye ile meli kubwa ya ghala iliyotia nanga, kisha jioni meli yake inarudi barafuni — bila yeye! Anashuka na boti ya kubadilisha zamu saa tisa mchana.

"Ila Taya, Rodion wa kunipokea zamu kateleza barabarani, kavunja mkono. Nahodha anatafuta mwingine. Asipopata..."

"Atapata!"

"Miaka tisa baharini, anavunjika akienda dukani," akasema, tukacheka wote. Sauti yake! Nimekibusu kioo cha simu.

Ijumaa, 8 Machi

Sikukuu yetu wanawake, maua ya manjano mji mzima. Nimeiona meli kutoka dirisha la jikoni! Nyekundu, karibu kiasi kwamba nimeipungia kitambaa cha meza. Pai ya samaki iko tayari. Nikasema, leo asikute nyumba chafu. Nikachukua ndoo. Sakafu inang'aa mpaka kizingitini!

Saa nane na nusu. Gatini, naandikia magotini. Mama mkwe kanusa mikono yangu.

"Unanuka sabuni. Umedeki?"

"Nimeosha vyombo, mama."

Boti hiyo! Na kofia ya rangi ya chungwa — niliyomfumia Yegor mimi mwenyewe, Murmansk nzima hakuna nyingine! Nimepiga kelele mpaka watu wamegeuka.

Inakaribia. Watu watano.

Yegor ni mrefu. Mwenye kofia ni mfupi. Ni Gleb, mpishi wao. Kaivua, ananipungia nayo polepole, kama mtu aliyetumwa: nahodha hakupata mwingine, Yegor amebaki melini.

Mama mkwe haitazami boti. Anatazama mikono yangu.