Mgongo wa Delfim

Luxemburg, 4 Mei 1998

Mama, nakuomba baraka.

Hujambo mama? Na goti lako? Baba anaendeleaje tangu kile kiharusi, mkono umepata nguvu? Mimi ni mzima, isipokuwa mafua ya huku ambayo hayajui kwamba sasa ni Mei.

Nina habari, na nakuomba usiipokee vibaya. Katikati ya Juni bosi ananituma Porto siku nne. Unajua kampuni yetu inanunua vizibo vya chupa. Safari hii tunakuja na wateja, Wajerumani wawili na Mbelgiji mmoja mwenye tumbo lake. Mimi ndiye wa kuwatembeza, kuwatafsiria, kuwalisha na kuwanywesha. Wakiridhika, nimeahidiwa ofisi yenye dirisha. Miaka kumi na miwili nimekaa kwenye chumba kisicho na dirisha, mama.

Kwa hiyo nyumbani sitafika. Najua Porto na nyumbani ni pua na mdomo, ndiyo maana nakwambia mwenyewe kabla hujasikia kwa watu. Agosti nakuja mwezi mzima. Mwambie baba.

Mwanao,
Delfim


Lodeiro, 13 Mei 1998

Mungu akubariki, mwanangu.

Sisi tupo. Goti langu ni lile lile, linatabiri mvua kuliko redio. Mkono wa kushoto wa baba yako haujarudi, ila wa kulia ndio huo, kutwa unapunga. Wewe huyajui haya. Siku hizi meli za watalii kutoka Porto zinapita hapa chini mtoni, na mimi namtoa mzee nje, namweka kwenye kiti kibarazani, anawapungia. Nao wanampungia! Nahodha anampigia honi. Padri anasema baba yako Armindo anajulikana Ulaya nzima kuliko askofu.

Sasa nitasema waziwazi. Ningeweza kupiga simu dukani kwa Zulmira, lakini ile simu ina masikio ya kijiji kizima. Delfim, daktari ameniambia baba yako mavuno ya zabibu ya Septemba hatayaona. Sijamwambia, lakini anajua. Jana kaniuliza, "Huyu mtoto anakuja, au nijiendee zangu?" Miaka sita hajakuona. Kila Agosti unakuja, na kila Agosti hatukuoni.

Treni ni mwendo wa saa mbili tu. Panda ya asubuhi, unywe supu, umbusu baba yako, urudi na ya jioni. Kama hata hilo ni zito, tutakuja sisi. Mjomba wako Abílio ana kile kigari chake. Tutamtandikia mzee godoro nyuma, tukungoje nje ya hoteli. Akuone tu, hata ukiwa unapita mlangoni.

Mama yako,
Felismina


Luxemburg, 25 Mei 1998

Mama, nakuomba baraka.

Barua yako nimeisoma chooni kazini, ndiko kwenye faragha. Nimelia, usidhani mimi ni jiwe. Lakini msije hotelini. Nakupigia magoti, mama, msije.

Nilipoomba kazi hapa waliniuliza kwetu ni wapi. Nikasema Porto, mjini, baba ana ghala la mvinyo. Nilikuwa kijana na nilikuwa na njaa. Neno lile likaota mizizi. Mpaka leo bosi anawaambia wateja, "Huyu Delfim alizaliwa ndani ya pipa," nao wanacheka, na ndiyo sababu nimechaguliwa mimi. Sasa atokee baba juu ya godoro, kwenye kigari cha mjomba kinachonuka mbuzi, niwaambie huyu ni nani?

Usinielewe vibaya. Siwaonei haya ninyi. Ni kazi tu. Agosti, mama, kweli ya Mungu.

Mwanao,
Delfim


Porto, 17 Juni 1998

Mama, nakuomba baraka.

Hamjambo? Nakuandikia haraka hotelini, wateja wananisubiri chini. Ni kazi juu ya kazi, mji wenyewe sijauona. Ila jana Mbelgiji alitaka kupanda ule mnara wa kanisa. Alifika katikati ya ngazi akakwama anahema, ikabidi tumsukume kwa nyuma kama gunia. Halafu wakataka daraja la chuma. Halafu maghala ya mvinyo ng'ambo ya mto, na kila ghala wananiuliza kama ndilo la baba yangu. Jioni wakala sardini za kuchoma mpaka wakalamba vidole.

Kule juu ya mnara nilitazama upande mto unakotokea. Kulikuwa na ukungu.

Kesho Alhamisi ni mikutano kutwa nzima, keshokutwa ndege. Nibusie baba.

Mwanao,
Delfim


Lodeiro, 20 Juni 1998

Mungu akubariki, mwanangu.

Kumbe mji hujauona, ila mnara, na daraja, na maghala, na sardini. Pole kwa kazi.

Sikiliza. Alhamisi mchana meli ilipita kama kawaida, imejaa. Baba yako akanyanyua mkono. Wakampungia wote, wanawake kwa watoto, na jamaa mmoja mwenye tumbo akavua kofia kabisa. Wote isipokuwa mmoja. Huyo alikuwa ameegemea ukingo, na alipoona kibaraza chetu akageuka, akatupa mgongo.

Baba yako akashusha mkono. Akasema, "Felismina, yule ni Delfim." Nikamwambia, acha wewe, macho yako hayaoni hata kijiko! Akasema, "Uso siuoni. Mgongo ule naujua. Nimeukanda kwa mafuta alipougua kifua, nimeuchapa alipoiba tini za padri, na siku alipoondoka nimeutazama ukishuka stesheni mpaka ukapotea. Utanifundisha mgongo wa mwanangu?"

Tangu siku hiyo hataki tena kutolewa nje kukaa kibarazani. Meli zinapiga honi, yeye amegeukia ukutani. Supu yangu anaitazama tu.

Mkataa kwao mtumwa, Delfim, na mimi sikuzaa mtumwa. Kama hukuwa wewe, niandikie upesi useme hukuwa wewe. Nitamsomea, na ataamini, maana anatamani kuamini. Kama ulikuwa wewe, usiandike. Njoo.

Mama yako,
Felismina


Luxemburg, 27 Juni 1998

Mama, nakuomba baraka.

Sikuwa mimi. Jamani, baba naye! Alhamisi tangu asubuhi nilikuwa ukumbini na watu wa kiwanda, hata chakula cha mchana tulikula humo humo. Hizo meli hata sijui zinafunga wapi. Dunia hii ina migongo mingi, mama, na wenye matumbo ndio usiseme.

Mwambie ale. Mwambie mwanawe hawezi kumpa mgongo.

Wateja wameridhika. Jumatatu nahamia ofisi yenye dirisha. Linaangalia maegesho ya magari, lakini ni dirisha.

Mwanao,
Delfim


Lodeiro, 15 Julai 1998

Delfim,

Baba yako tumemzika juzi. Usihangaike na ndege, mambo yamekwisha.

Barua yako nilimsomea. Akaniambia nirudie pale uliposema sikuwa mimi, nikarudia, akalia kama mtoto. Akasema, "Nimemsingizia mwanangu, Mungu anisamehe." Akaomba supu. Akaomba kiti chake kirudishwe kibarazani, na kuanzia hapo hakuna meli iliyopita asiipungie, mpaka Jumamosi mkono ulipokataa. Kabla hajafa aliniagiza nikuombe msamaha kwa niaba yake. Niliahidi kuufikisha. Huo hapo, upokee.

Sasa yangu mimi. Siku ile, meli ilipotupita, ilifunga gatini chini ya kanisa, kama zinavyofunga zote msimu wa matunda ya cheri. Mimi ndiye huwauzia. Nilimwacha mzee na ubishi wake, nikachukua kapu, nikashuka na goti hili. Yule jamaa wa tumbo akashuka, akanunua, akaonja, akafurahi, akageuka akaita melini, "Delfim! Delfim!" Kifaransa sikijui, lakini jina hilo nilichagua mimi. Hakuna aliyeitika. Nilisikia mlango wa choo cha meli ukifungwa. Nikasimama pale na kapu langu mpaka mkang'oa nanga, nikapanda nyumbani, nikamwambia baba yako sikumwona mtu.

Kwa hiyo nilipokuandikia nilikuwa najua. Nilikuomba uongo kwa ajili ya mzee, na usiku na mchana nikamwomba Mungu uninyime, uje mwenyewe. Hukuninyima. Uliuandika vizuri, hata kicheko umetia, na baba yako amekufa anakupenda. Lakini mimi, Delfim, nani atanidanganya mimi?

Agosti usijisumbue kupanda huku nyumbani. Ukija, pita na meli. Kiti cha baba yako nakikalia mimi siku hizi. Nitakupungia mkono, usiogope. Wageni wote huwa tunawapungia.

Felismina