Matairi Membamba ya Gari Jekundu

Saint-Aurèle, Charlevoix
Januari, Jumatatu baada ya sikukuu

Kwako kaka yangu mpenzi Normand,

Pokea salamu nyingi zangu na za Mama, zilizochanganyika na harufu ya kuni na ya pai ya nyama iliyomo jikoni sasa hivi. Hali yako vipi, na wifi Carole je? Goti lake limepona baada ya kuteleza pale ngazini? Mwambie asijitie ujana. Sisi huku tu wazima. Baridi ni ile ile unayoijua, ya kugandisha kope, lakini kikohozi cha Mama kimekwisha, anakula vizuri, na kwenye karata anatuibia waziwazi kama kawaida yake. Anakuuliza kama unavaa kofia. Nimemwambia una miaka sitini na moja, naye kasema hilo sio jibu.

Nisingekuandikia barua kama kwenye simu ungeniacha nimalize sentensi moja. Najua binamu Réjean alishakupa habari kwamba gari lilipanda. Umeshinda kununa, tumeshinda kufurahi, yameisha. Ila kuna jambo moja hakukuambia, na nimeona bora ulipate kwangu, kwa utaratibu, huku umekaa.

Tuanzie pale tulipoachana, mezani kwa Mama, mwisho wa Oktoba. Ulikata kipande chako cha pai ya sukari na bila kuinua uso ukasema kwamba kwa kuwa mimi Odile, baada ya kuachana na Yvon, nimeuza pikapu nikanunua gari la mbio kama mdoli wa kuchezea, hakuna tena mtu wa kumfikia Mama majira ya baridi. Ukasema mwanamke mwenye moyo dhaifu kama wake hawezi kuishi peke yake juu ya mlima kama ule. Ukasema umeshampatia chumba kwenye nyumba ya wazee huko Montréal, ghorofa ya pili, dirisha linatazama maegesho ya magari. Mama aliendelea kufuta sahani iliyokuwa imekauka zamani. Nilijibu mimi kwa niaba yetu wote wawili, tena kwa kelele, na lile nililosema kuhusu upara wako nalifuta. Mengine nayaacha yalivyo.

Ndipo ukatoa sharti lako. Jumapili ya mwisho kabla ya Krismasi, theluji ikiwa barabarani, gari lipande kutoka kanisani mpaka getini kwa Mama bila kusukumwa wala kuvutwa. Likipanda, Mama abaki nyumbani kwake. Likishindwa, Januari ahame. Réjean, kwa kuwa ndiye dereva wa greda la kijiji la kuondoa theluji barabarani, awe shahidi wako. Mama akasema sawa, kwa sauti ndogo, nami nikala kiapo hapo hapo kwamba nitakuumbua.

Kwa kweli kiapo kilikuwa cha mdomo tu. Gari lenyewe unalijua: jekundu, milango miwili, tumbo karibu lisugue lami, na nguvu yote ya injini inakwenda magurudumu ya nyuma. Kijijini kwetu magari ya namna ile huvishwa hema jeupe mwezi wa Novemba na kutolewa baridi inapokwisha, miti inapoanza kutoa utomvu wa sukari. Mimi sikuwa na gari la pili la kutembelea wakati la kwanza limelala.

Nikaenda gereji kwa Gaétan. Alinipokea kwa kicheko, akaniuliza kama nimekuja kununua matairi au mbwa wa kunivuta. Kisha akanitolea matairi ya kila namna akayasifu yote sawasawa, maana yote yalikuwa ya kuuzwa. Yalikuwepo mapana, ya kuingia kwenye rimu zangu zile zile zinazong'aa. Yalikuwepo membamba pia, lakini hayo yalitaka rimu nyingine, ndogo, za chuma cheusi. Nilizitazama zile nyeusi nikaona kama masufuria ya jeshi. Wewe unanijua, kaka. Lile gari nililinunua kwa sababu ni zuri. Miaka yote ya Yvon niliendesha pikapu iliyonuka mafuta na samaki, na sasa nimepata kitu kinachowageuza watu shingo, nikivishe masufuria? Nikachukua mapana. Yalikuwa matairi halali ya theluji, mpira wake laini usiokakamaa kwa baridi, sheria imeridhika, nami nimeridhika. Nikatoka pale kichwa juu.

Theluji ya kwanza ya maana ilianguka kabla Novemba haijaisha. Nikaweka sufuria ya supu ya mbaazi kwenye kiti, nikaanza kupanda kwa Mama. Nusu ya kwanza nilikuwa naimba. Nilipofika kwenye kona ya nyumbani kwa Bibi Bouliane, nyuma kukaanza kucheza, magurudumu yakazunguka bure, nikaongeza mafuta, na hapo ndipo nilipoharibu. Gari lilisimama, likafikiri kidogo, kisha likaanza kurudi kinyumenyume, taratibu kabisa, likinigeuza huku na huku, mpaka likaketi kwenye rundo la theluji mbele ya ukumbi wa kanisa, matako ndani, taa za mbele zikitazama mbinguni. Na ilikuwa ndiyo kwanza watu wanatoka kwenye bingo.

Sitakuficha walivyonicheka. Mmoja alinipongeza kwa kuegesha vizuri. Mwingine akauliza kama supu ni ya wote. Bibi Bouliane alisema kwamba katika maisha yake ameona magari mengi yakipita kwenye kona yake, lakini hili la kwanza limempungia mkono wakati wa kwenda na wakati wa kurudi. Réjean alinivuta na greda lake huku akipiga honi kijiji kizima, na najua usiku ule ule alikupigia simu, kwa sababu kesho yake ulimtumia Mama picha za kile chumba.

Nilipanda kwa miguu, supu kifuani, na nilipofika jikoni kwa Mama nililia kama mtoto. Nilijua nimemuuza mama yangu kwa ajili ya rimu. Mama aliniacha nilie, akapasha supu, akala. Kisha akasema nimelivisha gari viatu vya dansi. Akanieleza kwamba tairi pana hupanda juu ya theluji likaelea, lakini jembamba huikata likashuka mpaka kwenye barabara na kuishika. Alisema gari la mikate la marehemu Baba lilikuwa na matairi membamba ya kuchekesha, na lilipanda mlima huu kila asubuhi. Nilimuuliza ameyajuaje hayo. Akanijibu kwamba mikate haikujipeleka yenyewe. Nikadhani anasema alivyokuwa akikaa pembeni ya Baba na vikapu mapajani, kama kwenye ile picha ya sebuleni, na sikuuliza zaidi.

Nikarudi kwa Gaétan nimeufyata mkia. Alitaka kunitania lakini aliniona uso akaacha. Tulihangaika asubuhi nzima. Rimu ndogo kabisa iligonga breki, maana gari la mbio lina breki kubwa. Ya saizi iliyofuata ikaingia, ikabakiza nafasi ya kupitisha kidole. Juu yake tukavalisha matairi membamba yenye vijimisumari vya chuma, manne yote ya aina moja, ingawa Réjean alipita pale na kushauri kwamba ya mbele niache yale yale mapana, kwani gari linasukumwa na nyuma. Nilimwambia kwamba mbele ndiko ninakokatia kona, na kama anataka kuniona tena kwenye rundo la theluji akatafute sinema. Mwisho Gaétan akafunga mifuko miwili ya mchanga kwenye buti ili nyuma kupate uzito. Gari lilipotoka pale, Normand, lilikuwa baya. Bibi harusi aliyevaa mabuti ya mpira. Nililitazama nikaona uchungu, halafu nikaliwasha.

Majuma yaliyofuata nilikwenda kufanya mazoezi kwenye uwanja mtupu nyuma ya kiwanda cha mbao. Mama alikuja nami kila mara. Alisema nyumbani anachoka kutazama kuta. Alikaa pembeni na mkoba wake mapajani, akinifokea: ondoka na gia ya pili, usikanyage mafuta kana kwamba unaua mende, breki piga kabla ya kona na sio ndani yake, tazama unakotaka kwenda na sio unakoogopa. Nilijifunza. Lakini kila nilipofikiria ile kona ya Bibi Bouliane, niliyasahau yote hayo.

Jumapili yenyewe ikafika, na Mungu hakutupunguzia hata kidogo. Theluji ilikuwa imeanguka tangu Ijumaa, na Réjean, mtu wa haki, aliuacha mlima wetu uwe wa mwisho kusafishwa na greda kama ilivyo desturi. Misa ilipokwisha hakuna aliyekwenda nyumbani. Walijipanga ukutani mwa kanisa na kofia zao za sufu, wakipiga miguu chini, wakiwekeana dau la pai. Bibi Bouliane alitoa kiti nje akakaa kwenye kona yake na blanketi miguuni. Réjean akainua mkono.

Gari liliondoka bila papara. Vijimisumari vilikuwa vinauma barafu kwa sauti ya mtu anayetafuna sukari guru. Likapita ukumbi wa bingo, likapita sanduku la posta, likaanza mwinuko. Kwenye kona ya Bibi Bouliane nyuma kukacheza, na huko chini watu wote wakavuta pumzi kwa pamoja. Usukani ukageuzwa kidogo tu, mafuta yakalegezwa kidogo tu, na gari likajinyoosha lenyewe likaendelea kupanda. Bibi Bouliane alisimama na blanketi lake akapiga kelele ambazo sijapata kuzisikia kwa mtu wa kanisa. Getini kwa Mama honi ililia mpaka mbwa wa mlima mzima wakaitikia, na kutoka chini vikaja vifijo, Normand, vifijo na kengele! Padri alimruhusu mtu kuvuta kengele. Nililia tena, safari hii kwa furaha, na sioni haya kukuambia.

Sasa lile jambo. Kama umesoma vizuri, utaona sijasema popote kwamba niliendesha mimi.

Pale mbele ya kanisa niliingia garini, nikawasha, na miguu yangu ikakataa. Ilitetemeka mpaka klachi ikaniponyoka na injini ikazima. Nikawasha tena, ikazima tena. Watu walianza kucheka kichinichini. Mama, aliyekuwa amelala kwangu tangu Ijumaa na sasa amekaa pembeni yangu, akanigusa bega akaniambia nihame kiti. Nilimwambia asinifanyie mzaha siku kama ile. Akafungua mkoba akanitolea leseni yake ya udereva. Normand, ni leseni halali! Ile siku ya Septemba aliyosema anakwenda kupimwa macho, alipimwa kweli, na moyo pia, na daktari akamtilia sahihi kwamba anaweza kuendesha. Hajawahi kuiacha leseni ile iishe, tangu zamani, na hakumwambia mtu.

Kisha akanieleza, huku tunabadilishana viti, kwamba mwaka Baba alipovunjika mguu, kabla hujazaliwa, yeye ndiye aliyepeleka mikate mlimani majira yote ya baridi, peke yake, na gunia la unga nyuma badala ya mchanga. Baba alipopona alichukua funguo, akasema asante, na tangu siku hiyo Mama akawa mtu wa kukaa pembeni. Aliniambia hayo bila hasira. Akavuta kiti mbele, akavua glavu, akaomba nimshikie mkoba.

Ndivyo tulivyopanda. Mwenye kuendesha ni Lucienne Harvey, mama yako, mwenye miaka themanini na miwili, na mimi nilikaa pembeni nimekumbatia mkoba. Réjean aliona kila kitu. Mama alimwapisha anyamaze mpaka nitakapokuandikia, na tangu hapo Réjean akikutana na Mama njiani humvulia kofia. Najua utasema sharti lilikuwa niendeshe mimi. Hapana kaka, ulisema gari lipande. Na ulichokiogopa ni Mama kukwama juu bila mtu wa kumfikia, sivyo? Basi, funguo za pili anazo yeye. Jumanne hushuka mwenyewe kwenye karata zake, na jana aliniletea supu mimi, niliyekuwa na mafua.

Kwa hiyo waambie wenye kile chumba wampe mwingine anayependa kutazama maegesho. Nakuambia haya kwa furaha tele, bila kinyongo, kwa sababu najua uliogopa kwa kumpenda. Nami niliogopa vile vile. Ni yeye tu ambaye hakuogopa, na hatukumuuliza.

Mama anawaalika wewe na wifi Carole mje Pasaka, na paja la nguruwe la kuokwa litakuwepo. Ila amelitazama lile gari lako kubwa kwenye picha, anasema kwa matairi yale hutafika hata kwa Bibi Bouliane. Ukifika kanisani egesha, upige simu. Atashuka kukuchukua.

Wasalimie sana wifi na wanangu. Nakutakia mwaka wa afya, na uvae kofia.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Odile