Plastiki Inayokula Jua

Yaya Furaha, dada yangu mpenzi,

Jambo hili sijamwambia mtu: huku Goma nimejiandikisha kemia, si uuguzi anaoutaka Papa. Leo profesa alitushikisha plastiki nyembamba inayogeuza jua kuwa umeme, unaikunja kama nailoni. Jua lilipotoka mawinguni, redio aliyoiunganisha nayo ikaanza kuimba! Shida ni moja, baada ya miezi michache jua hilohilo linaiharibu. Mimi mwenye haya nikanyoosha kidole: "Sasa Papa Profesa, chakula chake ndicho kinachoiua?" Darasa lote likacheka. Akasema, "Mutoto, baki hapa tuitafutie dawa." Nilifurahi hadi nikasahau kula, samaki zangu za sambaza zikapoa.

Nakukumbatia sana. Usimwambie Papa, nitamwambia mwenyewe siku ya Noeli. Na wewe Papa Dereva unayeileta kadi hii bila bahasha, kama umesoma, nyamaza!

Wako, Neema