Ndiyo Yako kwa Swali la Kumi na Nne

Mama yangu,

Amani ikufikie huko uliko. Ijumaa hii sikuja makaburini Wingwi. Kaka kanitafuta kwa simu, nikamwambia nina kazi. Uongo mtupu. Naona haya kusimama mbele yako, ndiyo maana nakuandikia. Nataka radhi zako, na huwezi kunipa bila kujua nilichofanya.

Tangu ulipoondoka, ile nafasi niliyokuwa nikiililia nimeipata. Nasomea udaktari, si ule wa sindano, ni wa utafiti wa maradhi ya akili. Wameniingiza kwenye maabara hapa Chake Chake, nyumba ya kupanga yenye kiyoyozi kila chumba. Mjomba aliposikia maabara akaniuliza, "Akili nayo mwaitia kwenye kichupa?" Nikamwambia hapana, sisi kazi yetu ni maswali na fomu. Sasa natamani ningekuwa napima mikojo ya watu. Ningenawa mikono yakaisha.

Unawakumbuka wale vijana wawili waliokuja na kinasa sauti, mwaka ule kabla hujaumwa? Uliwatandikia jamvi, ukawachemshia muhogo. Ulinipigia simu ukasema wana adabu, ila maswali yao hayana kichwa wala miguu. Nilikuwa na haraka. Sikukuuliza walikuuliza nini.

Wiki yangu ya tatu tulikuwa na mafunzo. Mkuu wa maabara alikuwa akituonyesha mifano ukutani, na mfano mmoja wameupa jina kabisa: Bikizee wa Sauti. Jina la mtu hakuna, namba tu, na chini yake mwanamke, mkulima. Swali la kumi na nne. Je, huwa unasikia sauti ambazo watu wengine hawazisikii? Ndiyo. Mara ngapi? Kila nikiitwa. Zinakwambia nini? Zanambia yuhai. Na zikinyamaza? Zikinyamaza ndiyo naogopa.

Watu wakacheka. Hawakucheka kwa nguvu, walicheka kile kicheko cha puani cha wasomi. Na mimi nikacheka, mama. Nilikuwa mgeni, nilitaka wanione mwenzao. Nilicheka mdomo umejaa biskuti yao.

Kisha mkuu akabonyeza kitu, sauti ikatoka kwenye spika. Ilikuwa yako.

Niliitema ile biskuti kiganjani. Nikakaa nayo hivyo hivyo, imeloa mate, mpaka mafunzo yakaisha. Kile kiganja nimekisugua sijui mara ngapi, na mdomo nimeusukutua, na bado najionea kinyaa.

Wingwi nzima ingewaambia wewe ni nani. Ulilima, ndiyo, lakini ulikuwa mkunga. Aliyekuita ni mwenye mimba, au mumewe, au mama yake akija mbio kanga ikiburuzika. Ulifukuza kila mtu chumbani, hadi kuku, ukalaza sikio kwenye tumbo la yule mwanamke ukautafuta moyo wa mtoto. Sisi tuliosimama mlangoni hatukusikia chochote. Ukiinua kichwa ukasema "Yuhai," nyumba nzima inashusha pumzi. Siku moja ulinilaza mimi sikio kwenye tumbo la shangazi, nikasikia chakula kikiunguruma tu. Ukacheka mpaka ukakohoa: "Weye masikio yako ya kusomea!"

Sasa mtu kama wewe akiulizwa kama anasikia sauti wasizozisikia wenzake, ajibu nini? Ulijibu ndiyo kwa fahari. Kwao sauti ni ya mtu asiyeonekana, kwako sauti ni moyo wa mtoto, na hakuna aliyefungua kinywa kukuuliza ni sauti gani. Wakakuandika mwendawazimu huku wakila muhogo wako.

Nilimfuata mkuu ofisini nikamweleza yote. Ni mtu mpole, hapandishi sauti. Akanipa pole. Halafu, mama, akavuta daftari akaniuliza kama kwenye ukoo wetu wapo wengine wenye hali hiyo. Nilikimbilia chooni nikatapika. Niliporudi akasema jibu la fomu ni jibu la fomu, tena akanionya kwamba kwa kukutambua nimevunja siri ya mshiriki. Siri! Wamekuanika ukutani, chumba kizima kikakucheka, mvunja siri ni mwanao.

Nikaandika malalamiko kwa kamati inayotoa vibali vya utafiti. Nikaandika na barua ya kuacha masomo, nikaitia kwenye mkoba, nikawa nangoja tu jibu la kamati. Kamati ikaamuru mfano wako uondolewe, na kila aliyejibu ndiyo swali lile akaulizwe upya. Pale ofisini kila mtu akawa na udhuru. Nikaenda mimi, kwa hasira, nikitaka kuwaumbua wale wa maabara.

Tumbe nilimkuta mchuuzi wa samaki. Sauti yake ni redio ya jirani, na mkewe haisikii kwa kuwa ni kiziwi. Nikaandika huku nafurahi, furaha mbaya.

Kisha nikafika Ole, kwa mchuma karafuu mmoja, mtu wa makamo. Nikamuuliza ni sauti gani. Akatazama nyuma ya bega langu, akasema polepole, "Hino sauti yanikataza kula." Mikono yake ilikuwa mifupa, mama. Mkewe akaniambia kwamba wale vijana waliambiwa yote hayo. Walishukuru, wakaacha mche wa sabuni, wakaenda zao. Hakuna aliyerudi. Jibu lake lilikuwa kwenye kompyuta zetu muda wote, limetiwa tiki, na mimi nimelipita kwa macho yangu nikitafuta lako.

Siku ile ile nilikwenda naye hospitali, yeye na mkewe. Ameanza dawa. Juzi mkewe kanipigia kuniambia amekula nusu sahani ya wali, akalia kwenye simu.

Ile barua ya kuacha masomo nimeichana. Usidhani nimewasamehe. Kila asubuhi nikiingia mle ndani naupita ule ukuta bila kuutazama. Lakini nikiondoka, orodha ya waliojibu ndiyo itarudi kabatini, na mle wamo watu.

Nakuahidi hili: sitaandika ndiyo ya mtu mpaka nijue anasema nini, na nikimkuta mgonjwa sitanyanyuka jamvini kwake nikamwacha na sabuni.

Kwaheri, mama. Mola akupanulie ulipolala. Kesho naanza nyumba za Micheweni, yamebaki majina kumi na moja. Radhi zako nazitaka sana, ila usinipe sasa. Nipe nikimaliza.

Mwanao,
Raya