Miwani Aliyoiacha Nyumbani

Uani, mlango wa tatu,
Jumapili, 14 Septemba.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Natumaini barua hii itakukuta mzima, macho hayakuumi, na kile kikohozi cha moshi wa kuchomelea kimekuacha. Ile barakoa niliyokununulia unaivaa, au umeigeuza pambo la ukutani? Nakujua wewe. Sisi huku tu wazima wa hivyo hivyo. Mama magoti yanamsumbua asubuhi, yakipata jua anayasahau. Shemeji yako bado anapakia magunia ghalani na bado anarudi akilalamika mgongo kana kwamba mimi ndiye niliyemuuzia. Mimi niko na cherehani yangu, mwezi huu ni sare za shule, kola juu ya kola, hata nikifumba macho naona kola.

Pamoja na barua hii kuna kitu kimefungwa kwa kitambaa cha bluu. Usikifungue bado. Soma kwanza mpaka mwisho.

Nimeamua kukuandikia kwa sababu kwenye simu unakata. Tangu tumzike wifi yangu, miezi saba sasa, umepiga mara nne, na kila nikisema "ngoja nikupe mtoto" mtandao unapotea. Mtandao gani huo unaomkimbia Chiriku peke yake? Sikulaumu, au labda nakulaumu, sijui. Barua angalau huwezi kuikata katikati ya neno.

Basi nianze na la mtoto, maana ndilo lililonikalisha hapa. Unakumbuka tulimpa jina la Chiriku kwa kuwa alikuwa hafungi mdomo, anaongea hata na nguo zilizoanikwa. Ulipoondoka, wiki moja baada ya mazishi, alinyamaza. Sikukuambia. Nilisema moyoni kwamba una yako ya kutosha. Wiki tisa, mdogo wangu, hakutoa neno. Akitaka maji anaonyesha kidole. Chakula anakiweka shavuni na kukaa nacho mpaka ukitoe kwa kidole. Nikimwogesha nilikuwa nageuza uso ili nisizione mbavu zake. Daktari akampima huku na huku, akasema mtoto hana ugonjwa, mpeni muda, chezeni naye.

Tukacheza naye. Unaujua ua wetu saa kumi na moja jioni, kila mtu amerudi, viatu vimevuliwa, mabeseni yamefunuliwa, watu wanapiga soga kwenye vizingiti. Kinyozi wa mlango wa kwanza ndiye aliyeanzisha. Akatangaza kwamba kuanzia leo watoto ni wazazi na wazazi ni watoto. Ungetuona ungevunjika mbavu. Mama Pacha, mwanamke wa kilo zake zote zile, analia chini kwamba hataki kuoga, na wale pacha wake wanamburuta, huyu mguu huu, huyu mguu ule. Mimi nikapewa adhabu ya kusimama pembeni kwa kosa la kutomaliza uji wa matope. Kinyozi akapelekwa shule mara tatu jioni moja, na kila mara alirudishwa kwa utoro.

Katikati ya kelele hizo sisi wakubwa tulikuwa tunaongea mambo yetu kwa chinichini: bei ya sabuni, meno ya watoto, nani kahama. Ilikuwa saa nzuri kuliko zote za siku. Chiriku alikuwa anakaa kwenye ngazi anatutazama tu.

Jioni moja akainuka. Mkononi alikuwa na rimoti ile ya televisheni iliyokufa, haina hata betri. Akaiweka sikioni, akamkazia macho Kinyozi, akasema:

"Haloo. Baba?"

Kinyozi, Mungu ambariki, hakusita. Akampa mgongo, akaweka ngumi sikioni, akakohoa kama wewe unavyokohoa.

"Ehee, Chiriku wangu! Hujambo? Mimi niko kazini huku, cheche zinaruka kila mahali!"

"Sijambo. Mama yupo?"

Kinyozi alinitazama. Mimi nikatazama chini. Nikasikia akisema, "Yupo. Yupo ndani, anapumzika."

Usimkasirikie. Yule mtu alibanwa. Tena hebu tuseme ukweli, ni nani aliyemfungulia njia? Ni wewe uliyesimama mlangoni siku ile, viatu bado vina udongo wa kaburini, ukasema, mwambieni amesafiri. Nami nilikutii, nikamwambia. Wiki iliyofuata na wewe ukabeba begi. Kwa hiyo mtoto hakuuliza la ajabu. Mama amesafiri, baba amesafiri, bila shaka wako pamoja.

Jioni ile alikula sahani nzima akaomba nyingine. Alipolala, Mama alikaa kitandani kwake akilia kwa furaha. Ungekuwa ni wewe ungeuzuia mchezo huo? Sisi hatukuuzuia. Ukawa wa kila siku. Chiriku alikuwa anamfuata Kinyozi mpaka kibandani kwake, na mteja ameshanyolewa upande mmoja, anangoja na kitambaa shingoni mpaka baba amalize kuongea na mwanawe. Wateja walizoea. Mwingine alikuwa anasema, "Mpe na mimi nimsalimie."

Maneno yakarudi, mashavu yakarudi. Kisha akamtaka mama yake.

Mama Pacha ndiye aliyeombwa kwanza, na aliinuka akaenda kuanua nguo ambazo hata hazijakauka. Aliniambia, "Dada, hilo mimi siwezi." Nilimwona mwoga. Sasa namwona ndiye pekee aliyekuwa na akili pale uani.

Nimelizunguka hili tangu mwanzo wa barua, ngoja nilitue. Nilimwigiza mke wako. Nilikaa nikauangalia ukuta, nikasema kwa ile sauti yake ya kupitia puani kidogo, "Wee kinda wee, umekula?" Nilikaa na wifi yangu miaka sita, naijua sauti yake kuliko ninavyoijua yangu. Chiriku akasimama wima.

"Sema tena."

Nikasema tena.

"Mama, nisomee kile cha tembo aliyepoteza kiatu."

Unakijua kitabu hicho, wifi alikuwa akimsomea kila siku kabla ya kulala, miwani imeshuka kwenye ncha ya pua. Mimi sikukumbuka hata mstari mmoja. Nikatafuta pa kutokea. Nikasema, "Leo siwezi kusoma, mwanangu. Miwani niliisahau nyumbani."

Nilijiona mjanja kweli kweli. Nikarudi kwenye kola zangu.

Kesho yake nikamkuta amelifungua lile sanduku ulilosema lisiguswe. Nguo zote za wifi zilikuwa sakafuni, zimekunjwa upya kwa mikono ya mtoto wa miaka mitano, na yeye amekaa katikati na miwani mapajani. Hakuwa analia. Alikuwa na kazi. Akaniambia mama hawezi kusoma bila hii, tumpelekee. Nikasema kesho. Kesho yake nikasema keshokutwa. Nilikuwa na kola za kupeleka, na kwa kweli nilikuwa nangoja asahau. Watoto husahau, si ndivyo tunavyosema?

Alhamisi iliyopita akatoweka. Tulitafuta saa mbili. Kinyozi alifunga kibanda, Mama Pacha aliwafungia pacha ndani akakimbia pekupeku, Mama alibaki kwenye geti na magoti yake yale akiita mpaka sauti ikakauka. Tulimkuta ofisi ya vifurushi ya kampuni ya mabasi, ng'ambo ya ile barabara ya malori. Amevuka peke yake. Alikuwa amepanda juu ya gunia ili afikie kaunta, goti linavuja damu, na karani anamwuliza kwa upole mzigo unakwenda kwa nani.

"Kwa mama."

"Mama yuko wapi?"

"Kwa baba."

Nje, dereva wa lori aliyefunga breki alikuwa bado amekaa kwenye ukingo wa barabara, ameshika kichwa kwa mikono miwili. Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Aliniambia tu kwamba alimwona miwani ilipomdondoka, kwa sababu mtoto alirudi nyuma kuiokota.

Sasa sikiliza, mdogo wangu, maana hapa ndipo penyewe. Siku ile ile nilipiga moyo konde. Nikamkalisha kitandani, nikamfunga goti, nikamwambia ukweli. Nilisema mama yako hakusafiri. Mama yako alikufa, tulimzika, harudi. Nililitaja neno lenyewe, sikulizungusha.

Akaniangalia kwa huruma. Akasema, "Hapana, shangazi. Tumeongea naye juzi."

Nikamwambia ile sauti ilikuwa yangu.

"Haya, iseme."

Nikaisema. Nilidhani akiiona inatoka kinywani mwangu ataelewa. Nikasema, "Wee kinda wee, umekula?" Na yeye uso ukamng'aa wote, akaruka kutoka kitandani akakimbilia rimoti.

Ndivyo nilivyojiharibia. Mama akajaribu, akajibiwa hivyo hivyo. Kinyozi hataki tena kucheza, anapita ukutaukuta asikutane naye, na mtoto anafikiri baba amemkasirikia. Ua umepoa. Jioni tunakaa kila mtu mlangoni kwake tunaulizana habari kama abiria. Watu wazima wote wa ua huu tumeshamdanganya, hakuna hata mmoja mwenye mdomo wa kumwambia akaamini. Umebaki wewe. Mama amesema, na nakuandikia kama alivyosema: "Aliyesema amesafiri na aje aseme mwenyewe kwamba hakusafiri."

Najua unachoogopa. Unaogopa kumtazama kwa sababu ana macho ya mama yake. Ni kweli anayo, na yanazidi kufanana. Mimi naogopa lingine. Naogopa ukimwambia atanyamaza tena, zile wiki tisa zitarudi, na sijui kama mbavu zile zitastahimili mara ya pili. Silali vizuri kwa hilo. Lakini barabara ya malori iko pale pale, naye sasa anaijua njia.

Kwa hiyo omba ruhusa kwa msimamizi wako. Mwambie una msiba, hutakuwa umesema uongo. Na tafadhali, usipige simu. Ukipiga atashika yeye, atauliza mama yupo, na nakujua wewe kitinda mimba wetu, utasema yupo.

Kilichomo kwenye kitambaa cha bluu ni miwani. Nimeiweka kwa sababu Chiriku alisimama hapa mezani akinitazama mikononi mpaka nikaifunga, akalijaribu fundo kama ni gumu. Kisha akaniuliza atajuaje kama imefika. Nikamwambia, baba atakuja kukuambia. Tangu mwezi wa pili hilo ndilo jambo pekee nililomwambia ambalo bado linaweza kuwa kweli. Ukija, uje nayo mkononi.

Mama anakusalimu na anakuombea. Shemeji yako anakusalimu, anasema usafiri mchana na ukae nyuma ya dereva. Kinyozi anakusalimu na anakuomba radhi, akasema nyumba yake ni yako ukitaka pa kukaa kabla hujaingia kwetu. Mama Pacha na pacha wake wanakusalimu. Mungu akupe mdomo wa kusema na kifua cha kukaa naye baada ya kusema. Mimi nitakuwa getini, usiingie peke yako.

Chiriku naye yuko hapa begani kwangu, ananipumulia sikioni, anataka niandike neno kwa neno. Anasema umwambie mama asimgombeze, kioo kimoja kimepasuka lakini kingine ni kizima, na asianze kusoma mpaka yeye amekaa.

Ni mimi dada yako, akupendaye hata anapokugombeza,
Shangazi yake Chiriku