Mguu Ulioganda Hewani

Jumatatu, tarehe 21

Kaka yangu mpendwa,

Natumaini barua pepe hii inakukuta mzima, wewe, shemeji na yule binti yenu mwenye mashavu. Huku hatujambo. Mama anatembea na fimbo kutoka kitandani hadi dirishani, na nyonga haimsumbui tena ila pale anapotaka kuhurumiwa.

Kazi nayo inakwenda vizuri. Mkuu wetu alinikubalia nichore ramani za majengo nikiwa nyumbani ili nimuuguze Mama. Programu ya kuchorea haitoki ofisini. Inafanya kazi kwenye kompyuta kubwa ya kule, nami naletewa picha yake tu kwa intaneti. Nikisogeza mlango huku, unasogea kule, kisha picha inarudi kunionyesha. Mama anasema ni kazi ya kuchungulia nyumba za watu kwenye tundu la ufunguo.

Tundu lenyewe ni jembamba. Intaneti tunaitumia pamoja na mama fundi cherehani wa ghorofa ya juu, anayetazama video za mishono tangu asubuhi. Wiki ya kwanza nilikuwa navuta mstari, nakunywa chai, ndipo mstari unatokea. Nilipanda kumwomba apunguze; akanijibu kwamba yeye hajawahi kushuka kuniomba nipunguze nyumba. Basi tarehe 3 niliingia kwenye mipangilio ya ruta, kile kifaa kinachotugawia intaneti, nikaiagiza iitangulize kompyuta yangu kabla ya kitu kingine chochote. Kazi ikateleza. Mkuu amenisifu mara mbili.

Sasa, Kaka, kaa vizuri. Juzi nilifungua shajara yangu nihesabu siku za kazi, nikakuta nilichoandika kwa mkono wangu mwenyewe: tarehe 4, Kaka amempigia Mama kwa video, picha imeganda. Tarehe 8, vivyo hivyo. Tarehe 11, 15 na 18 pia. Kabla ya tarehe 3, hakuna hata moja. Umegombana bure na kampuni ya simu ya huko. Aliyekuwa akikukata ni mimi. Kibaya zaidi, Mama aliponiuliza, nilimjibu bila kuinua macho kwamba tatizo liko kwako. Aliiweka simu mezani akasema mwanawe siku hizi ana mambo mengi. Tangu hapo hajauliza tena.

Jana nimemweleza ukweli. Amesema adhabu yangu ataitunza hadi atakapoweza kusimama bila fimbo. Ile amri ya ruta nimeifuta, na programu nimeiwekea rangi chache ili picha yake iwe nyepesi, maana ukuta hauhitaji rangi elfu. Tena inaleta sehemu iliyobadilika tu, si ramani nzima. Nimeijaribu huku mama fundi akitazama mishono yake na simu ya Mama ikicheza video. Mstari ulifuata mkono wangu. Kwa hiyo kesho piga bila wasiwasi, saa kumi kama kawaida. Nisamehe.

Msalimie sana shemeji. Mama naye anakusalimu, na ana ombi. Mara ya mwisho picha iliganda binti yako akiwa ameinua mguu mmoja, na mpaka leo Mama hajui kama mtoto alipiga hatua au alianguka. Kesho, kabla ya salamu, msimamishe mtoto mbele ya kamera. Mama anataka kuuona ule mguu ukishuka.

Mdogo wako,
Rula